Minyaa ya Bibi

Panga lilipoingia mara ya tatu tawi likakatika, na maziwa yakaruka.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, Ihumwa, saa nane mchana, wakati upepo wa Dodoma huwa umeshashika kasi. Kaka yangu alikuwa amekodi vijana wawili wafyeke ua wa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani yenye utomvu mweupe kama maziwa, unaoizunguka nyumba ya bibi, ili mafundi wapate pa kuchimba msingi wa ukuta. Tofali zilikwisha kupangwa. Mchanga ulikwisha kumwagwa. Mimi nilikuwa barazani na bibi tukimenya karanga. Mtoto wa kaka, ana miaka sita, alikuwa amesimama upande unakoelekea upepo akitazama kazi, na hakuna mtu mzima hata mmoja kati yetu aliyemwambia asogee.

Tone moja likamfikia. Akapikicha jicho.

Nimelea wadogo zangu, najua kilio cha njaa, cha deko na cha kuanguka. Kile sikuwahi kukisikia.

Jirani alikuja mbio na ushauri tunaoujua wote, kwamba atafutwe mama anayenyonyesha amkamulie maziwa jichoni. Wifi yangu hakumjibu. Alikuwa ameshamlaza mwanawe mapajani, kichwa amekiinamisha upande wa jicho lililoungua, amelifungua kwa vidole viwili na anamimina maji kwa kikombe, polepole, bila kupumzika. Ndoo ya kwanza ikaisha. Nikaleta ya pili. Mwezi wa tisa kwetu ndoo mbili za maji zina kazi zake zimezisubiri, lakini siku ile zilimwagika zote pale chini na hakuna aliyeziwaza. Kisha bodaboda, kisha hospitali.

Daktari alisema utomvu umeunguza sehemu ya juu ya jicho. Akatoa dawa ya matone na kututaka tuwe tunarudi aangalie. Kabla hatujatoka akamgeukia wifi, akamwambia maji yale ndiyo yaliyoliokoa jicho.

Jicho lilipona ndani ya wiki mbili. Mimi sikutulia kwa wiki saba.

Swali la bibi

Kazi ilisimama siku ileile. Vijana walikuwa wamefyeka hatua kama kumi na mbili upande wa mbele, kando ya njia. Jioni tulipokaa hapakuwa na ubishi: minyaa yote iondoke. Na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Nilisema mti unaoweza kumpofusha mtoto haustahili kukaa nyumbani kwa mtu.

Bibi alisikiliza tu. Alisubiri watu watawanyike, akaniita nikae naye kwenye mkeka.

"Mjukuu wangu, mkishaung'oa mpaka, akija mtu kuuliza pa babu yenu panaishia wapi, mtamwonyesha nini?"

Nikamjibu haraka kwamba tutamwonyesha ukuta.

"Ukuta mtu anaujenga anapotaka mwenyewe," akasema. "Minyaa hii ilipandwa majirani wote wamesimama wanatazama."

Nikaenda kulala. Maneno hayo niliyachukua kama maneno ya mtu mzima anayeona mambo yake yanaondoka. Asubuhi nilirudi mjini kazini, na kila nilipopita njia ya Mtumba nikawa naona kitu ambacho miaka yote nilikuwa napita bila kukitazama: mistari ya kijani iliyobaki katikati ya nyumba mpya. Hapa vipande vitatu, pale kimoja. Kila mstari ulikuwa umewahi kuwa neno la mtu na jirani yake.

Kuutazama

Msomaji wa Dodoma hahitaji kuelezwa mnyaa ni nini. Wengine mnauita mnyara, na jina la Ziwa Manyara linasemwa limetoka kwenye neno la Kimaasai la mti huuhuu. Lakini kuujua mti ni jambo moja na kuutazama ni jingine. Mimi nimekulia ndani ya ua ule na nisingeweza kukuambia kama una majani.

Unayo. Ni membamba, mafupi kuliko ukucha wa kidole gumba, yanachipua kwenye ncha changa na kudondoka upesi. Kazi ya majani inafanywa na vile vijiti vya kijani vyenyewe, vinene kama penseli. Tena vinaifanya kwa namna yake. Miti mingi hufungua matundu yake mchana ili iingize hewa, na kwa matundu hayohayo inapoteza maji. Vijiti vya mnyaa hufungua usiku, vinaweka akiba ya hewa, na jua likiwaka vinajifunga na kuifanyia kazi akiba ile. Kwenye nchi inayopata kama milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, zote kati ya Desemba na Aprili, huo ndio ujuzi unaoufanya ua ubaki kijani Oktoba wakati hata mbuyu umesimama mtupu.

Na maua je? Nilimuuliza bibi kama amewahi kuona ua la mnyaa. Akasema ameona nyuki.

Ni madogo, ya manjano iliyochanganyika na kijani, yamejibana kwenye ncha za matawi. Kile unachokiona kama ua moja ni kikombe kidogo chenye maua mengi ndani yake, kila la kiume limepunguzwa hadi likabaki uzi mmoja. Mara nyingi mti mmoja ni wa kiume na mwingine wa kike. Linnaeus aliyeuandika kwenye vitabu mwaka 1753 aliuita *Euphorbia tirucalli*, na hilo neno la pili alilichukua kutoka Malabar, kusini mwa India, kwa kuwa ndivyo watu wa huko walivyouita. Mti wa Afrika umevuka bahari, ukapandwa kwenye mipaka ya mashamba ya watu wengine, na jina lake la kitaalamu likatoka hukohuko ugenini. Nililisoma hilo usiku, nikakaa nalo muda mrefu.

Lakini lililonifunga ni jambo jingine. Mnyaa unapandwa kwa kukata tawi na kulichomeka. Kwa hiyo ua uliotokana na mti mmoja si watoto wa mti ule. Ni mti uleule. Umeongezewa miguu tu.

Mahame

Nilipomweleza bibi hilo hakushangaa. Alisema, "Ndiyo. Ulitoka kule." Akanyoosha kidole kuelekea vilimani.

Jumapili iliyofuata tulikwenda mahame, makazi yao ya zamani yaliyoachwa, bajaji mpaka inapoishia njia, kisha miguu, polepole sana, amenishika mkono. Nilijua, kama mnavyojua wengi ambao wazee wenu walikuwa Ugogo miaka ile, kwamba mwaka 1971 ilipita Operesheni Dodoma na watu wakahamishiwa vijijini. Nilijua kama kitu cha darasani. Sikujua kwamba ninaweza kuingia mlangoni mwake.

Tembe, ile nyumba ya Kigogo, halipo. Paa la udongo likishaanguka, mvua chache zinatosha kuta kurudi kuwa ardhi. Palikuwa na tuta refu la udongo mwekundu, jiwe la kusagia limezama nusu, na kando ya jiwe panya wa porini wamechimba mashimo yao. Ukipita bila kuambiwa, ungesema ni pori.

Isipokuwa duara la minyaa.

Imekuwa mikubwa, si ua tena. Ni miti, mingine inanizidi urefu mara tatu, mashina yamekuwa ya kijivu na magumu. Lakini duara limekamilika, isipokuwa mahali pamoja penye upana wa ng'ombe wawili. Bibi akaniachia mkono, akapita pale mwenyewe, mahali hasa palipokuwa na lango, na hakupita mahali pengine popote ingawa uwazi ulikuwa mwingi kati ya mashina. Akasimama ndani.

"Ndama huku. Tumbaku ya babu yako kule. Baba yako nilimzalia hapa."

Miaka zaidi ya hamsini hakuna aliyelipalilia duara lile wala kulimwagilia. Hakuna mbuzi aliyelila, kwa kuwa maziwa yale yale yaliyomchoma mtoto ndiyo yanayomfukuza mbuzi. Kila kitu ambacho binadamu alikijenga pale kimekwisha. Kilichobaki ni mpaka, na mlango.

Bibi alisema siku ya kuhama babu alikata mzigo wa matawi, akaufunga kwa kamba za magome ya mbuyu na kuupakia juu ya vyombo. Alipofika Ihumwa na kuonyeshwa mahali pake, jambo la kwanza hakujenga. Aliita majirani wapya wa pande zote, wakapima kwa hatua, wakakubaliana, akachomeka.

Ule mti uliomwagia mtoto wa kaka maziwa ndio huu niliokuwa nimesimama chini yake. Si jamaa yake. Wenyewe.

Upande wa wifi

Sasa niseme lililonizuia kuandika makala haya mapema.

Niliporudi kutoka mahame nilikuwa nimejaa, nikaanza kumweleza kaka kwamba tumekosea, kwamba ua ule ni urithi. Wifi alikuwa anafagia. Akaacha kufagia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa: "Wifi, wewe unakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Mimi ndiye ninayeishi nao."

Sikuwa na jibu, na sijalipata. Ni rahisi sana kuupenda mti ambao si wewe unayewachunga watoto chini yake. Yeye ana watoto watatu na mdogo ndiyo anaanza kutambaa. Yeye ndiye anayejua kwamba mpira ukirushwa unakwenda uani kila mara, na kwamba mtoto akikimbilia mpira anashika anachokishika. Mimi nilikuwa naongea habari za miaka hamsini. Yeye alikuwa anaongea habari za kesho asubuhi.

Nilimwomba radhi. Na kwa wiki mbili nzima nilirudi kwenye uamuzi wa mwanzo, ung'olewe wote, kumbukumbu itabaki kule mahame.

Bikoni

Kilichobadilisha mambo hakikutoka kwangu.

Ihumwa ya leo mnaijua. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, ardhi iliyokuwa ya kulimia mtama na uwele ikawa viwanja. Katikati ya mwezi wa kumi upimaji ulifika mtaani kwetu. Viwanja viwili kutoka kwa bibi kuna familia mbili ambazo mwaka jana ziling'oa minyaa yao ili zijenge ukuta, pesa zikaisha kabla ukuta haujaanza. Siku ya kupima kila mmoja alisimama mahali pake na kusema mpaka ni hapa. Walitofautiana kwa hatua nne. Watu waliokopeshana chumvi miaka yote wakapelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, na mpaka ninapoandika hawasalimiani.

Walipofika kwa bibi, mpima aliuliza majirani mpaka uko wapi. Pande tatu hakuna aliyefungua mdomo. Walinyoosha vidole kwenye minyaa, bikoni, yaani alama za mpaka, zikachimbiwa pale, wakasonga.

Upande wa nne, ule wa mbele tulikokuwa tumefyeka hatua kumi na mbili, ubishi ukaanza papo hapo. Jirani wa ng'ambo ya njia, mtu mwema kabisa, alisema kwa kumbukumbu zake njia ilikuwa imeingia zaidi kwetu. Kaka akasema hapana. Sauti zikaanza kupanda. Ndipo bibi alipotoka na fimbo yake, akainama, akafukua majani makavu kwa ncha ya fimbo.

Visiki vilikuwa vimechipua. Wiki sita bila tone la mvua, na kila kisiki kilikuwa na vidole vya kijani.

Jirani akavitazama, akasema, "Basi, ni hapo." Ikaisha.

Kaka hakusema kitu mchana ule. Jioni alikwenda kuhesabu tofali zake upya.

Sumu ni sumu

Nisieleweke vibaya. Baada ya yote haya sitaki mtu aje kuniambia mnyaa hauna neno.

Utomvu wake unaunguza jicho na unawasha ngozi. Ndiyo maana ulitumika kuwa utupa: matawi yanapondwa, yanatupwa kwenye dimbwi, samaki wanaelea. Ndiyo maana watoto wa zamani walitengenezea ulimbo wa kunasia ndege, na mikono ikababuka. Wapo wanaoupaka kwenye chunjua na wapo wanaounywa kama dawa, na hao wa mwisho ndio wanaonitisha. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akifanya kazi Uganda, alieleza mwaka 1958 saratani ya taya inayowapata watoto wa ukanda wetu huu wa Afrika. Mwaka 1964 kikagunduliwa kirusi kinachohusiana nayo, kile cha Epstein-Barr. Malaria ndiyo inayotajwa kwanza kama mshirika wa kirusi hicho, lakini watafiti wameutazama pia mnyaa, kwa sababu maabarani utomvu wake unaweza kuamsha kirusi kilicholala ndani ya seli. Kwangu hilo linatosha kusema: usinywe, na mtoto asiuchezee.

Utomvu huohuo umewahi kumpa matumaini mtu mkubwa. Melvin Calvin, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961, alipoona mafuta yanapanda bei miaka ya 1970 alipendekeza mimea ya ukoo huu ilimwe ili maziwa yake yatengenezwe mafuta. Nchi kame, mti usiodai maji, ilikuwa hesabu nzuri. Haikufika mbali, na Dodoma tumeendelea kuutumia kwa lile ambalo wazee waliliona kwanza.

Vipande arobaini

Uamuzi tuliufanya sote, na wifi ndiye aliyeusema.

Upande wa mbele na ubavu mmoja, kunakochezewa mpira, minyaa imeondoka na mizizi yake, na ukuta unasimama juu ya mstari uleule, bikoni kwa bikoni. Nyuma, kuelekea shamba la mtama, na ubavu wa pili ulioko nyuma ya zizi, minyaa inabaki. Kati yake na uwanja wa nyumba tumeweka kiunzi cha fito ambacho mtoto hawezi kukipita.

Kwa anayetaka kukata wa kwake, nitamwambia tulivyofanya safari hii. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya upepo. Watoto walipelekwa kwa jirani. Kaka alivaa miwani ya fundi wa kuchomelea, glavu na shati la mikono mirefu, akakata kwa msumeno badala ya panga, maana panga linarusha maziwa kuliko msumeno. Hakukata tawi lililo juu ya kichwa chake. Ndoo mbili za maji safi zilikaa karibu, zimefunikwa, na hazikuguswa kwa kazi nyingine mpaka tulipomaliza. Likiingia jichoni ni maji hapo hapo, robo saa nzima au zaidi, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Matawi hatukuyatupa. Bibi alichagua arobaini, urefu wa kiganja na nusu hivi, akataka yalazwe kivulini chini ya mwarobaini siku kadhaa mpaka vidonda vikauke na kuweka gamba, kwa sababu tawi bichi likichomekwa na maziwa yake linaoza. Hayahitaji mbolea, wala hayataki kumwagiliwa. Yanataka kuwa ardhini kabla mvua za Desemba hazijaanza, hatua moja ndogo kati ya tawi na tawi, na subira ya miaka miwili mitatu. Ni ya kaka. Amepata eka moja upande wa Hombolo na hana karatasi bado. Majirani wa huko ameshawaalika waje kusimama siku ya kuchomeka.

Nilikwenda kuyageuza siku ya tatu. Nilikuwa nimevaa glavu, nimechuchumaa, na kwenye ncha ya tawi moja nikaona vitu vya manjano, vidogo kama punje za ulezi, vimebanana. Nilidhani ni wadudu. Nikasogeza uso, si sana.

Mtoto wa kaka alikuwa nyuma ya kiunzi, amenitazama muda wote.

"Shangazi, hayo ni nini?"

"Maua ya mnyaa."

"Yanauma?"

"Yanauma. Njoo uangalie kwa mbali."

Akaja mpaka pale nilipomwonyesha kwa kidole, akasimama. Mikono yote miwili akaiweka nyuma ya mgongo, akaishikanisha, kisha akainamisha kichwa upande, akafumba jicho moja na kutazama kwa lile lililowahi kuungua.

"Nayaona," akasema. "Madogo kweli."